Nusu Siku Mombasa kwa Gari la Kukodi: Uone Mji wa Mvita bila Kukimbizana

Wageni wetu wengi huja Mombasa kwa ajili ya bahari. Hulala Diani, Nyali au Bamburi, wakaogelea siku nne tano, na kesho yake ikiwa ni siku ya safari ndipo wanapokumbuka kwamba kuna mji. Hapo simu yangu hulia: "Tuna asubuhi moja tu, twende wapi?" Nimeshawatembeza jamaa na marafiki mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niandike, kwa sababu asubuhi moja inatosha kabisa ikipangwa vizuri, na ikipangwa vibaya huishia ndani ya gari lililokwama kwenye foleni ya Digo Road.

Neno langu kubwa ni hili, na mengine yote yatatoka humo: gari ni la kukuvusha umbali na jua, lakini Mombasa yenyewe huonwa kwa miguu. Ukiletewa orodha ya vituo kumi vya nusu siku, ikatae. Chukua vinne au vitano, na viwili kati ya hivyo, yaani Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, vipe zaidi ya nusu ya muda wako.

Kwanza, chagua siku na saa

Anza mapema. Ninaposema mapema nina maana uwe umeshaingia kisiwani saa moja na nusu asubuhi, si kwamba ndiyo kwanza unaondoka hotelini. Kuna sababu mbili. Mombasa ni kisiwa, na njia za kuingilia zinahesabika: daraja la Nyali kutoka kaskazini, Makupa kutoka Changamwe na uwanja wa ndege, na feri ya Likoni kutoka kusini. Saa mbili ikishapiga, njia zote hizo hujaa watu wanaokwenda kazini. Sababu ya pili ni jua. Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ikifika saa tano kuta za ngome zinarudisha joto usoni kama tanuri, na mzee au mtoto hawezi kufurahia chochote.

Mnaolala Diani, feri ndiyo itakayoamua siku yenu. Waenda kwa miguu hupita haraka, lakini foleni ya magari ina tabia yake, na hakuna dereva anayeweza kuiapia. Tokeni alfajiri. Siku hizi ipo pia barabara ya Dongo Kundu inayozungukia Miritini bila kupanda feri. Ni ndefu zaidi, ila siku ambayo Likoni imeshikana huokoa.

Ijumaa si mbaya, mradi uwe umetoka Mji wa Kale kabla ya saa sita, maana watu wanaelekea msikitini na vichochoro si mahali pa mgeni mwenye kamera wakati huo. Mwezi wa Ramadhani njoo tu, lakini panga kula na kunywa hotelini au mahali pa faragha, na kama unaweza hamisha ziara yako iwe alasiri ili umalizie na futari. Miezi ya masika, Aprili na Mei hasa, weka mwavuli garini na uwe tayari kubadilisha mpangilio.

Pili, gari na dereva

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kodi gari zima kwa saa, si kwa kichwa. Mkiwa wanne katika gari dogo la saluni, bei iwe moja. Kabla hujakubali, uliza waziwazi: ni saa ngapi, zinaanza kuhesabiwa nikipandia hotelini au nikifika mjini, mafuta yamo, ada ya kuegesha ya kaunti yamo, feri imo, na saa ikizidi nalipa kiasi gani? Majibu yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, hata kama dereva ni kijana mwenye heshima zake aliyeletwa na mtu unayemjua. Mkishaandikiana, hakuna atakayemlaumu mwenzake mwishoni. Malipo ya awali yasizidi kidogo tu ya kushikilia nafasi, mengine ulipe mwisho wa safari.

Tofautisha dereva na mwongozaji. Wapo madereva wanaoijua historia, lakini wengi wanajua barabara tu, na hilo si kosa lao. Ndani ya ngome na Mji wa Kale chukua mwongozaji mwenye kitambulisho, mkubaliane bei na muda kabla hamjapiga hatua ya kwanza. Mtu atakayekurukia langoni na kuanza kukusimulia kabla hujamsalimu, mshukuru na uendelee. Akishakutembeza dakika ishirini bila makubaliano, ugomvi wa bei utakuharibia asubuhi.

Halafu sema mapema kwamba hutaki kupelekwa maduka ya vinyago. Mwaka juzi shangazi yangu alikuja kutoka Muskati, naye alikuwa na asubuhi moja tu kabla ya ndege. Nilimwachia kampuni moja imchukue kwa sababu nilikuwa kazini. Alikaa dakika arubaini kwenye duka ambalo hakuliomba, akaletwa ngomeni saa tano na nusu akiwa amechoka. Tulirudi naye jioni mimi mwenyewe, lango likiwa karibu kufungwa. Tangu hapo mgeni wangu yeyote namwambia amwambie dereva tangu hotelini: "Ami, leo hatununui vinyago, tunataka mji." Hutamkosea. Atajua tu ratiba imefungwa.

Mavazi: nguo nyepesi za pamba zinazofunika mabega na magoti, na viatu vya kufunga, kwa sababu mawe ya ngome yanateleza. Akina mama wabebe leso (kanga) moja. Itafaa kwa jua, kwa msikiti, na kwa kukalia ufukweni.

Tatu, fungua kinywa kwanza

Usinywe chai hotelini. Mwambie dereva akupeleke kwenye mkahawa wowote wa Waswahili ulio pembezoni mwa Mji wa Kale, uagize mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri yawe ya moto, yamevimba, yananukia iliki. Mbaazi ziwe zimelala kwenye tui zito. Kwa pesa kidogo utashiba hadi adhuhuri, na utakuwa umeshaingia mjini kabla ya kuona jengo hata moja. Dakika ishirini na tano zinatosha.

Nne, Ngome ya Yesu: saa moja na nusu

Lango hufunguliwa asubuhi, na wanaofika wa mwanzo huipata ngome ikiwa kimya. Ada hutofautiana kati ya raia wa Kenya, wakaazi wa Afrika Mashariki na wageni wengine, basi njoo na kitambulisho au pasipoti yako. Ukikisahau utalipa kama mtu wa mbali. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji na intaneti.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakaiweka juu ya mwamba wa matumbawe, mdomoni mwa bandari ya zamani. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Lakini ukienda na tarehe hizo tu utatembea juu ya mawe. Nakushauri uitembee kwa visa vitatu.

Kisa cha kwanza kiko juu ya lango. Kabla hujaingia, inua macho uone jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Lilichongwa baada ya uasi wa mwaka 1631. Mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alikuwa amechukuliwa akiwa mtoto, akalelewa na Wareno Goa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo. Aliporudishwa kutawala hakuvumilia. Aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akarudi kwenye Uislamu wake na kuwafuta Wareno mjini. Walipoirudia ngome waliandika jiwe hilo kujisifu. Mimi kila nikipita chini yake namkumbuka yeye, si wao.

Kisa cha pili ni cha kuzingirwa. Machi 1696 Waomani waliizunguka ngome, na haikuanguka hadi Disemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, na maradhi yaliua wengi kuliko mizinga. Mwaka 1697 jahazi la vita liitwalo Santo António de Tanna lilikuja kuwaokoa, likazama hapohapo chini ya ngome. Wapiga mbizi walilichimbua miaka ya 1970, na vitu vilivyotoka humo vimo kwenye ukumbi wa makumbusho. Kwa hiyo fanya hivi: panda kwanza ukutani upande wa bahari, utazame maji, umwambie mtoto uliyekuja naye kwamba jahazi liko pale chini. Ndipo umpeleke ukumbini aone vyombo. Watu wengi huanza na ukumbi, na vyombo vinabaki kuwa vyombo tu.

Kisa cha tatu ni cha jela. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Wapo wazee mjini waliokulia karibu na kuta hizi na kuzijua kama kuta za jela, wala si za makumbusho. Ukipata mwongozaji mzee, muulize hilo badala ya kumuuliza urefu wa kuta.

Usitoke bila kuingia Nyumba ya Waomani, juu ya ukuta. Upepo wa huko dirishani ndio uliomponya shangazi yangu jioni ile. Alikaa, akatazama mapaa ya Mji wa Kale, akasema nyumba hii angeweza kuikuta kwao. Tukakaa kimya mpaka askari alipotuita kwamba wanafunga.

Tano, Mji wa Kale kwa miguu: saa moja au zaidi

Gari liache. Hili ndilo jambo ninaloligombania kila mara, kwa sababu wapo madereva watakaokwambia wanaweza kukupitisha garini. Wanaweza, kwenye barabara mbili tatu, na utakachokiona ni vioo vya magari mengine. Mpange dereva hivi: yeye aondoke ngomeni aende akusubiri upande wa Marikiti, lile soko la viungo la Digo Road, na wewe utembee uvuke mji mzima hadi utokee huko. Pakuegesha ni pa shida, basi asikae. Umpigie ukiwa umebakisha dakika kumi.

Ukitoka ngomeni shika Barabara ya Mbarak Ali Hinawy, halafu kunjia kushoto na kulia kati yake na Ndia Kuu. Tazama juu zaidi kuliko mbele. Roshani za mbao zilizochongwa, nguzo zake na nakshi zake zina mkono wa Kihindi, wa Kiarabu na wa Kiswahili kwa pamoja. Kisha teremsha macho kwenye milango, uangalie kizingiti cha juu na nguzo ya kati.

Msikiti wa Mandhry uko njiani, wa mwaka 1570 kwa hesabu inayotajwa, na mnara wake mnene mweupe haufanani na minara ya siku hizi. Ni msikiti unaosaliwa, si kivutio, hivyo uutazame kwa nje isipokuwa umekaribishwa. Mbele kidogo unafika uwanja wa bandari ya kale, ambapo majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalitia nanga kwa karne nyingi. Picha za bandari usipige bila kuuliza. Jirani yake ni Leven House, iliyobeba jina la manowari ya Kapteni Owen. Huyo ndiye aliyepandisha bendera ya Uingereza hapa mwaka 1824 kwa ombi la Mazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, waliokuwa wakimkwepa Seyyid Said, mtawala wa Oman. London haikukubali, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Seyyid Said aliushika mji mwaka 1837. Ngazi zilizo hapo zinashuka hadi majini, na ndipo pa kupumzikia.

Adabu za vichochoroni ni chache lakini zina uzito. Salimia. "Salaam aleikum" kwa kila kibaraza chenye watu, "shikamoo" kwa mzee, "sabalkheri" ukiweza. Hizi ni nyumba za watu: vibaraza ni sebule zao, na kanga zilizoanikwa ni nguo zao. Mwanamke aliyevaa buibui usimpige picha hata kwa mgongo. Ukiona mzee wa kahawa na dele lake juu ya makaa, simama. Kikombe kimoja cha kahawa tungu na kipande cha kashata, na ukitulia utasikia habari ambazo hakuna mwongozaji atakayekupa. Nimewahi kukaa kibarazani nikasikia wazee wawili wakibishana nusu saa nzima kuhusu Tisa Taifa na Tatu Taifa, yale makundi mawili ya koo za Waswahili wa Mombasa, nani alikuwa na lango gani la mji, na mgeni wangu kutoka Dar akaniambia hicho ndicho alichokijia.

Sita, Marikiti na Biashara Street

Ukitokea Digo Road uko Marikiti. Nunua iliki, mdalasini, bizari na pilipili manga upande wa viungo, ukinusa kwanza. Bei ya kwanza ni ya mazungumzo, nawe zungumza kwa upole. Achari za maembe na ndimu, mabuyu mekundu na ubuyu wa unga ni zawadi zisizovunjika mkobani. Kwa leso vuka uende Biashara Street. Hapo usiharakishe, kwa sababu leso haichaguliwi kwa rangi pekee: husomwa jina lake, na jina baya huwezi kumpelekea mama mkwe. Muulize muuzaji akusomee na akueleze kama hulielewi fumbo.

Mwenye hamu ya kuona hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe, liko karibu, Langoni. Viatu huvuliwa na vitu vya ngozi haviingii.

Saba, sasa rudi garini

Ikishafika saa tano, jua limekolea, na ndipo gari linapostahili pesa yake.

Pembe za Ndovu za Moi Avenue zipe dakika tano. Ziliwekwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth, wakati huo akiwa bado binti mfalme, na hizi za leo ni za bati la alumini. Picha moja, ukiwa upande wa barabara na si katikati yake, kisha twende. Kuna watu wanaofanya kituo hiki kuwa kiini cha Mombasa, nami siafiki hata kidogo.

Kutoka hapo nenda Mama Ngina. Eneo lile lilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, lakini mibuyu yake ilikuwapo kabla ya sisi sote, na upepo wa bahari kuu unapiga moja kwa moja. Nunua dafu na kachiri za muhogo zenye pilipili na ndimu, ukae ukutani utazame mlango wa Kilindini. Bahati yako ikiwa nzuri utaona meli kubwa ya makontena ikipita karibu hata unasoma jina lake, na upande wa pili feri za Likoni zikikatiza. Watoto waache wakimbie. Nusu saa hapa ni ya lazima, hasa kwa mtu aliyekaa ngomeni na vichochoroni asubuhi nzima.

Nane, kwa wanaorudi kaskazini tu

Mkilala Nyali au Bamburi, mwambie dereva asimame Kengeleni mkishavuka daraja. Matatu hutaja jina hilo mara mia kwa siku, na wengi hawajui lilikotoka. Ni kengele yenyewe, ingalipo hapo penye njia panda. Mtaa ule ni Freretown, ulioanzishwa na wamisionari wa Kianglikana miaka ya 1870 kuwapa makao watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ililia kuwaonya kwamba wateka watu wanakuja. Hakuna tiketi wala lango, na utamaliza dakika kumi. Mimi huwashusha wageni wangu hapo kila mara, hata wakiwa na njaa, kwa sababu ngome inasimulia habari za wafalme na makapteni, na kengele hii ndiyo iliyobaki ya wale waliouzwa.

Wanaorudi Diani wasijaribu kuvuka kuja huku na kurudi. Kutoka Mama Ngina feri iko karibu, wapange foleni mapema.

Kumaliza hesabu na dereva

Tazama saa kabla hamjafika hotelini, mhesabu pamoja mkiwa bado njiani. Lipa kiasi mlichoandikiana na chochote kilichozidi, kwa M-Pesa au taslimu, na uombe risiti kama gari ni la kampuni. Kama alikusubiri bila kununa na hakukupeleka dukani, mwongezee chai yake mkononi, umwombe namba. Ukija tena na siku mbili badala ya asubuhi moja, mwanzie yeye, akupeleke Jumba la Mtwana kule Mtwapa, ambako magofu yanaangalia bahari chini ya mibuyu.